Namna ya kuandaa hafla ya kuwashukuru polisi na zimamoto wa mtaani kwenu

Nauza mchele na maharage Mwanjelwa, hapa Mbeya. Soko lilipoungua mwaka 2006 nilikuwa na meza moja tu, na Agosti 2017 moto ulipoteketeza soko la Sido nilishinda kutwa na dada yangu akichambua mabati aone lipi bado linafaa. Nimewaona askari wakiwa wamechoka, wamelowa, nyuso zimejaa masizi, na watu wakiwazomea. Tangu siku hiyo nilijiambia kwamba ipo siku nitawapikia.

Nimekuwa katibu wa kamati ya mtaa wetu kwa miaka kadhaa sasa, na hafla hii tumeiandaa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na makosa mengi. Ya pili ilikaa sawa. Ndugu zangu wa Uyole wameniomba niwaandikie, na mama mmoja wa Makambako naye ananipigia simu kila wiki, basi naandika mara moja kwa wote.

Kabla ya mambo ya ukumbi na pilau, niwaeleze kilichotokea mwaka wa kwanza, maana mipango yote ya mwaka wa pili imetoka hapo. Tulikuwa tumewaalika askari sita wa zimamoto. Walikuwa kwenye zamu, mkuu wao akawaruhusu waje na gari lao, wale, kisha warudi kituoni. Chakula ndiyo kwanza kimefika mezani, simu ikaita: nyumba inaungua. Wote sita wakasimama kwa pamoja. Hakuna aliyemalizia hata tonge lililokuwa mkononi. Walipofika nje, wakakuta mgeni wetu mmoja ameegesha gari lake dogo mbele ya gari la zimamoto, na mwenye gari yuko ndani anacheza muziki. Tulimtafuta kwa kipaza sauti. Dakika zile nilizihesabu kwa mapigo ya moyo wangu. Nyumba iliokolewa nusu, watu wote walitoka salama, namshukuru Mungu, lakini mimi sikulala usiku ule. Tulikuwa tumewaita watu tuwaheshimu, halafu tukawazibia njia.

Kwa hiyo ukipanga hafla hii, panga ukijua kwamba kazi ya wageni wako haisimami kwa sababu umewaalika. Kila kitu kingine kifuate hapo.

Barua mbili, si moja

Wengi wanadhani polisi na zimamoto ni ofisi moja. Wote wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ni kweli, lakini kila jeshi lina kamanda wake. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri. Ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliyoifanya jeshi kamili la kitaifa. Wazee wetu mpaka leo wanapeleka barua ya zimamoto ofisi za jiji, inakaa huko inazungushwa. Andika barua moja kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, kupitia kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na nyingine kwa Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa. Nakala mpelekee Mkuu wa Wilaya, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na hatapenda kusikia mkusanyiko wenu kwa watu wa pembeni.

Barua zipitie kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata, zigongwe mhuri. Ndani yake eleza mambo manne bila kuzunguka: nani anaandaa, fedha zinatoka wapi, mnataka kumshukuru nani na kwa lipi, na kwamba hakuna mtu atakayepewa fedha mkononi. Hilo la mwisho liandike wazi kabisa. Makamanda wote wawili waliniambia kwamba mstari huo ndio uliowafanya wasome barua hadi mwisho.

Peleka barua miezi miwili kabla. Sisi mwaka wa kwanza tulipeleka wiki tatu kabla, tukawa tunabembeleza.

Tarehe

Mbeya iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake si ya kukaa kwenye turubai usiku na watoto. Kuanzia Agosti hadi Oktoba nyasi zimekauka, moto unapanda milima ya Loleza na Kawetere, na zimamoto hawana nafasi. Agosti mwanzoni polisi wako Uyole kwenye viwanja vya John Mwakangale kwa ajili ya Nanenane. Desemba kuna ajali za barabarani na sikukuu. Novemba hadi Aprili mvua. Ukipunguza vyote hivyo unabaki na Mei: mvua zimekatika, mchele mpya wa Kyela na Usangu umeanza kuingia, watu wana fedha kidogo mfukoni. Tuliichukua Jumamosi ya katikati ya Mei.

Uliza pia ratiba ya zamu kabla ya kuchapisha kadi. Tulianza saa tisa alasiri, tukamaliza saa mbili usiku, ili anayetoka zamu ya mchana apate kuja mwishoni na anayeingia usiku apate kuja mwanzoni. Hafla ya saa mbili usiku hadi saa saba ni ya harusi. Askari wa kawaida hawezi kuja huko.

Nani ashukuriwe

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanakimbia. Njia rahisi ni kuwaomba makamanda majina kumi, ukachapa vyeti kumi. Utapata hafla nzuri yenye picha nzuri, na mama aliyeokolewa mtoto wake hatajua kwamba kulikuwa na hafla.

Sisi tuliweka madaftari matano mtaani kwa wiki sita: dukani, kwa mama lishe, saluni, msikitini na kanisani. Juu ya kila daftari tuliandika: askari gani alikusaidia, lini, wapi, alifanya nini? Ukurasa wa kwanza ulijaa sifa za jumla, "polisi wetu wanafanya kazi nzuri", ambazo hazifai kitu. Nikaenda mwenyewe kukaa kwa mama lishe, nikawa nauliza. Ndipo yakaanza kutoka. Dereva wa lori aliyebanwa kwenye kabini mteremko wa Iwambi akasimulia jinsi askari wa uokoaji alivyomshika mkono saa nzima akizungumza naye wakati wenzake wanakata bati. Mwanafunzi akaandika kuhusu trafiki anayesimama kivukoni asubuhi, hata siku ya mvua, na anajua majina ya watoto. Bibi mmoja akaandikiwa na mjukuu wake kuhusu mkaguzi wa polisi wa kata aliyemfuatilia shamba lake alilotaka kudhulumiwa, akatembea naye hadi baraza la ardhi la kata.

Ushuhuda ukishakusanywa, upelekwe kituoni ukahakikiwe: tarehe ile ni nani alikuwa zamu, tukio limeandikwa? Mara mbili tuligundua sifa imekwenda kwa mtu asiye yeye. Kisha makamanda wapitie majina. Wako askari wapelelezi ambao hawatakiwi kusimama mbele ya kamera, na ukiwapandisha jukwaani umewaharibia kazi. Hao wape barua ya shukrani kupitia kwa mkuu wao.

Kuhusu askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, kuwa mwangalifu sana. Wanafanya kazi nzito kuliko wengi, na wanastahili kutajwa. Lakini kisa cha aliyesaidiwa kisisomwe, hata bila jina. Mtaa ni mdogo. Watu wataunganisha wenyewe. Sisi tulisema tu: "Kwa kazi ambayo wenye kuijua wanaijua," na ukumbi mzima ukasimama.

Msiwasahau waliotangulia mbele za haki. Ukimwalika mjane wa askari, nenda nyumbani kwake wewe mwenyewe, usimtumie ujumbe. Muulize kama anapenda jina la mumewe lisomwe. Mmoja alikubali, mwingine alisema bado hawezi. Wote wawili tuliwaletea usafiri na wote wawili walikaa mstari wa mbele.

Wanaokataa

Kwenye mkutano wa mtaa baba mmoja alisimama akasema: "Mimi nilizungushwa kituoni miezi minne kwa pikipiki yangu iliyoibwa. Nimpongeze nani?" Watu wakaanza kuguna. Mwenyekiti alitaka kumkalisha. Nikaomba asikalishwe.

Mzee yule ana haki. Ukiwanyamazisha watu wa namna hiyo, hafla yako inakuwa ya kujipendekeza, na kila mtu atajua. Tulimwambia hivi: hatusifu jeshi zima kwa jumla, tunamshukuru fulani kwa tendo fulani la siku fulani. Na malalamiko yake tuliyaandika pembeni, tukamsindikiza kwa mkuu wa polisi wa wilaya siku nyingine kabisa. Siku ya hafla alikuja. Alichangia gunia la viazi.

Fedha na bahasha

Tulichangishana 5,000 kwa nyumba. Nyumba 300 zilitoa, ikawa 1,500,000. Wafanyabiashara wa sokoni wakaongeza 900,000. Jumla 2,400,000. Chakula cha watu 120 ukumbini na sahani 30 za walio zamu, kwa 10,000 kila sahani, kilikula 1,500,000. Ukumbi 300,000, muziki 200,000, vyeti 60 vyenye fremu 240,000. Ilibaki 160,000, ikalipia usafi na mafuta ya gari la kupeleka chakula. Hesabu yote niliiandika kwa mkono na kuibandika ukutani ofisi ya mtaa siku ya Jumatatu, pamoja na risiti. Fanya hivyo hata kama hakuna aliyeuliza.

Sasa bahasha. Mfanyabiashara mmoja, mtu mwema, alikuja na bahasha nne za maaskari wa barabarani "kwa kuwa wananifahamu". Nilizirudisha mbele ya kamati. Hata kama moyo wake ulikuwa safi, yule askari kesho atasimamisha lori la mtu huyu, na watu wote watakuwa wameiona bahasha. Ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya TAKUKURU ni 113. Tulimwalika ofisa wao akae nasi, na nadhani hilo lilituokoa na maneno mengi. Mtu akitaka kutoa zaidi ya cheti, atoe kitu cha kituo kizima, kwa barua, kipokewe na mkuu wa kituo na kuandikwa. Yule mfanyabiashara alinunua mablanketi na birika kubwa la chai kwa ajili ya chumba cha zamu cha zimamoto. Kwa baridi ya Mbeya, niamini, hakuna zawadi iliyopokewa kwa furaha kama hiyo.

Pombe isiwepo. Sitaki kulieleza zaidi hilo.

Ukumbi na gari la zimamoto

Chagua ukumbi kwa kuangalia lango kwanza, mapambo baadaye. Gari la zimamoto liingie na kutoka bila kurudi nyuma. Liegeshwe uso ukiangalia barabara. Tuliweka vijana wawili wa ulinzi shirikishi, wamevaa fulana zinazong'aa, kazi yao moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: hakuna gari, bodaboda wala bajaji mbele ya lile gari. Wapewe chakula pale pale walipo.

Askari wa zimamoto wakae meza iliyo karibu na mlango, viti vikiangalia nje. Mwaka wa kwanza tuliwapeleka mbele karibu na meza kuu tukidhani ndiyo heshima. Wakaanza kuruka viti vya watu.

Mshehereshaji aambiwe mapema: ikija simu ya dharura, muziki uzimwe, atangaze mara moja "njia", watu wakae walipo. Asifanye mzaha wala asiwapigie makofi wakiwa wanakimbia.

Chakula

Wali wa Kyela, kuku, nyama, ndizi za Rungwe, maharage, mboga za majani, parachichi, chai ya Tukuyu yenye tangawizi. Nyama na kuku wachinjwe na Muislamu ili kila mtu ale bila wasiwasi. Kabla hujampakulia mgeni yeyote ukumbini, funga kwanza sahani za walio zamu, uzipeleke kituoni zikiwa za moto. Sahani zile thelathini ndizo ninazozipenda kuliko mapambo yote. Usipeleke mabaki saa tatu usiku.

Mafunzo kabla ya hotuba

Tulitenga saa moja ya mwanzo kwa zimamoto kutuonyesha kazi. Waliwasha moto wa mtungi wa gesi nje, wakatuonyesha namna ya kuufunika kwa blanketi lililoloweshwa na kufunga valvu bila kukimbia ovyo. Kisha wakamwita mama mmoja ajaribu, akaweza. Watoto walifundishwa 114, namba ya zimamoto, na 112 ya dharura ya polisi, na kwamba ukipiga taja mtaa, alama ya karibu, na kinachoungua. Usikate simu kabla hujaulizwa.

Na hapo ndipo koplo mmoja alipojibu lile neno linalowaumiza, kwamba "zimamoto huja bila maji". Hakulalamika. Alieleza kwamba gari linabeba lita elfu chache, na bomba likifunguliwa kwa nguvu maji hayo huisha kwa dakika chache, kisha lazima gari lirudi kujaza au lipate chanzo karibu. Akauliza: mtaani kwenu maji ya kujaza yako wapi? Ukumbi ukanyamaza. Akauliza tena: nikija usiku nitapitia njia gani, ile yenye vibanda? Wiki iliyofuata mwenyekiti alizunguka na tepu ya kupimia. Vibanda vitatu vilisogezwa, na wenye vibanda wenyewe ndio waliovisogeza.

Hotuba na vyeti

Mgeni rasmi dakika kumi. Wengine watatu, dakika tatu kila mmoja. Waliosaidiwa ndio wapewe muda. Yule dereva wa Iwambi hakuwa na hotuba. Alimshika mkono askari, akakaa kimya, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kurudi kukaa.

Cheti kisiandikwe "kwa utumishi uliotukuka". Kila mtu anacho cha namna hiyo ukutani. Andika tendo. Mfano: "Wakazi wa mtaa wetu tunamshukuru Koplo (jina), ambaye usiku wa tarehe (kadhaa) aliingia mara mbili kwenye nyumba inayoungua na kumtoa mtoto wa miaka minne. Mtoto sasa yuko chekechea." Ni kazi ya jioni nyingi kuandika vyeti sitini vya namna hiyo. Tuligawana, watu sita, vyeti kumi kila mmoja.

Vyeo viandikwe na kituo chenyewe, si na mtu wa kwenye kompyuta. Konstebo, koplo, sajenti, mkaguzi msaidizi: ukikosea unamshusha mtu mbele ya mke na watoto wake, na hawezi kukusahihisha pale. Mshehereshaji asome orodha hiyo siku moja kabla, kwa sauti, mbele ya mtu wa kituo. Familia zialikwe, nasisitiza. Binti wa konstebo mmoja aliniambia hakuwahi kujua baba yake anafanya nini usiku.

Baada ya hapo

Kesho yake rudisha vyombo, safisha ukumbi, lipa madeni yote kabla ya Jumatatu. Ndani ya wiki moja peleka barua ya shukrani kwa makamanda wote wawili, ukiambatanisha orodha ya majina na matendo, uombe iingizwe kwenye majalada ya askari hao. Mara ya pili tulipoipeleka, karani alisema afande fulani alikuwa anaiulizia.

Mwaka wa pili simu ya dharura iliita tena, saa kumi na mbili jioni, katikati ya chakula. Vijana wale wawili walikuwa wamesimama langoni. Sikuwahi kuhesabu hata mapigo kumi, gari lilikuwa tayari barabarani linapandisha kuelekea Mafiat. Mama lishe alikusanya sahani zile sita, akazifunika, akaandika jina la kila mmoja kwenye karatasi, akaziweka juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo. Walirudi saa mbili kasorobo. Tulikuwa tumebaki watu kama ishirini hivi, tunakunja viti.